Kiangazi Sauti ya Pilnam Ilipokomaa

Jina Pilnam maana yake ni "lazima wa kiume". Alipewa na baba yake, mzee Yang, siku ile ile mkunga alipochungulia mlangoni na kusema ni msichana tena. Mzee alikuwa ameshampata Jeomrye, na kati ya wawili hao walipita wengine waliokufa wakinyonya, wote wasichana, basi akaona jina la huyu litampa amri atakayefuata. Hakufuata mtu. Pilnam akabaki na jina la kudai kitu ambacho hakikuja, na dada yake Jeomrye alikuwa akisema kwamba ndiyo maana yule mtoto alijua kungoja kuliko watu wote wa wilaya yao ya Gurye.

Alichongoja ni sauti.

Si kwamba hakuwa nayo. Alikuwa na sauti nyororo, safi, inayopanda bila kukwama popote. Akiimba majarubani, wanawake waliokuwa wakipandikiza mpunga waliinua migongo wakasahau miche mikononi. Tatizo ni kwamba huko chini ya Mlima Jiri sauti ya namna hiyo haihesabiwi. Vile visa virefu vya kuimbwa, ambavyo mtu mmoja husimama mkekani na upepeo wake wa kukunja, mpiga ngoma mmoja akiketi mbele yake, vinataka sauti iliyopasuka, yenye mkwaruzo, yenye mchanga ndani, sauti ya mtu aliyelia akamaliza. Watu wa mjini wakiisikia hudhani mtu ana mafua. Na sauti hiyo hakuna anayezaliwa nayo. Hupondwa ikawa hivyo. Mwimbaji hupanda mlimani kiangazi, akasimama mbele ya maporomoko ya maji na kushindana nayo mpaka koo livimbe, mpaka kisitoke kitu ila upepo, na akizidi kukaza, mpaka ateme damu. Baada ya damu, siku moja, kama amejaliwa, sauti hurudi ikiwa nyingine kabisa. Hapo ndipo watu husema imekomaa.

Mzee Yang aliuza chumvi siku za soko na kupiga ngoma siku zilizobaki. Alimsikiliza binti yake mdogo akiimba, akatikisa kichwa.

"Tamu," alisema. "Tamu kama tikiti. Na tikiti halijamliza mtu bado."

Jeomrye hakuwa na sauti ya aina yoyote. Akiimba, mbwa wa jirani alihama kivuli. Kwa hiyo baba yake alimpa ngoma: mkono wa kulia fimbo, wa kushoto kiganja. Akamfundisha na jambo kubwa kuliko ngoma yenyewe, nalo ni kuitikia. Mpiga ngoma hakai kimya. Mwimbaji akipanda, anasukumwa kwa "Ewaa!", akizama kwenye huzuni, anashikwa mkono kwa "Ee, ndivyo!" Mwimbaji huishi kwa miitikio hiyo kama moto unavyoishi kwa hewa. Mpiga ngoma akinyamaza, mzee alisema, ni sawasawa na kumfungia mtu mlango usoni akiwa na mzigo kichwani.

Basi ndugu wawili wakakua hivyo, mmoja akiimba, mwingine akiitikia. Pilnam alipovunja ungo, mama yao alimpa ile dawa ya waimbaji wa zamani: kipande cha mwanzi kilichozibwa kwa majani ya msonobari, kikatumbukizwa chooni kikakaa miezi, mpaka yale maji yaliyochujika ndani yakawa meupe. Pilnam alikunywa, macho kayafumba, Jeomrye kamshika pua. Kesho yake asubuhi aliimba, na sauti ilikuwa tamu kuliko jana.

Hadithi hiyo ndiyo mumewe, Bae Jongsik, hakuichoka miaka yote ya ndoa. "Mwanamke kanywa maji ya choo akatoka na sauti hii," aliwaambia wageni. "Sasa fikirini angekunywa ya kisima!"

"Wewe umekunywa ya kisima maisha yako yote," Pilnam alimjibu, "na tazama kilichotoka."

Pilnam hakuwahi kuishi kwa kuimba. Yeye na Jongsik walilima soya na maboga, na mitungi yake ya mchuzi wa soya ilijaa nyuma ya nyumba. Jeomrye alifiwa na mume mapema, akawa na jiko la tambi karibu na kituo cha mabasi. Lakini kila mwaka mvua ndefu za Julai zilipokatika, walifunga milango, wakachukua sufuria, matikiti, turubai na ngoma, wakapanda bondeni mpaka kwenye maporomoko. Huko walikaa mpaka joto lipungue. Watoto wa pande zote mbili walikulia kwenye maji yale. Matikiti yalipozwa kijitoni, Jongsik alilala chali juu ya ulingo wa mbao akikoroma, na Pilnam alisimama juu ya lile jiwe la bapa akashindana na maji. Miaka ikapita, watoto wakaoa na kuolewa, mzee Yang akafa, na sauti ikabaki ile ile, tamu, isiyokuwa na kosa. Wenzake waliokuja kujifunza nyuma yake walipata sauti zao wakaondoka.

"Labda mwakani," Jeomrye alimwambia kila mwaka wakikunja turubai.

"Labda mwakani," Pilnam aliitika, naye alikuwa akimaanisha.

Mwaka ule ninaousimulia hapa Pilnam alikuwa ameshapata wajukuu. Tangu mpunga ulipopandikizwa alikuwa na kikohozi, na kila mtu alisema ni unyevu wa majaruba. Walipofika bondeni hakuimba siku ya kwanza. Siku ya pili alipanda juu ya jiwe, akasafisha koo.

"Dada, anza taratibu. Leo kooni pana kitu."

"Kila mwaka kooni pana kitu," Jeomrye alisema. "Imba, chakula kisije kikapoa."

Alianza kipande cha kilio, kile wanachofundishwa wote. Na kilichotoka kilimfanya Jeomrye ashike fimbo hewani. Sauti ilitoka chini, nzito, imechanika kingo zote, na ilipopanda haikuteleza kama zamani. Ilikokota, ilipasuka, ikaungana tena huko juu. Maji yalikuwa yakinguruma na bado kila neno lilimfikia. "Ewaa!" lilimtoka Jeomrye kabla hajajua. "Ewaa! Ewaa, mdogo wangu!"

Jongsik alikuwa akikata tikiti. Alisimama na kisu mkononi.

"Nani huyo?"

"Mkeo," Jeomrye alisema, machozi yanamtiririka mpaka kwenye ngozi ya ngoma.

"Mke wangu namjua. Huyu simjui."

Pilnam aliimba mpaka mwisho, kisha akainama, akakohoa kwenye taulo. Alipoinua uso alikuwa kama mtoto aliyeng'oka jino la kwanza. Alishuka jiweni akikimbia, amelikunjua taulo kwa mikono miwili.

"Dada! Dada, tazama! Damu!"

Hapana haja ya kueleza furaha iliyokuwako pale. Jeomrye alilichukua lile taulo akalikandamiza kifuani. Jongsik alichinja kuku aliyekuwa akitunzwa kwa siku za joto kali, akamchemsha na mizizi na mchele, akashuka kijijini kutafuta pombe ya mchele na kurudi na watu kumi nyuma yake. Mzee mmoja muuza mitishamba, aliyewahi kuwasikia waimbaji wakubwa, alisikiliza amefumba macho, kisha akasema, "Imechelewa, lakini imekomaa." Pilnam aligeuka akajifuta uso kwa pindo la fulana. Siku iliyofuata ndugu wawili walikwenda kaburini kwa baba yao, wakamwaga pombe, wakasujudu, na Jeomrye akasema kwa sauti ili mzee asikie vizuri, "Baba, lile tikiti limepasuka."

Baada ya wiki moja alifika Sugyeong, binti ya Pilnam, aliyefanya kazi katika duka la dawa huko Gwangju. Alikuja kwa likizo yake, na kofia pana na mifuko ya vitafunwa. Mama yake alimpokea njiani akisema tu, "Umekula?" na Sugyeong akaweka mifuko chini.

"Mama, hiyo sauti imeanza lini?"

"Aa! Umeisikia eh!" Pilnam aligeuka kumwita dada yake. "Dada, kaisikia kwa neno moja tu!"

"Nimeuliza imeanza lini."

"Tangu kupandikiza mpunga. Ilianza kidogo kidogo."

"Tangu kupandikiza mpunga! Mama, mtu akikwaruza koo muda wote huo anakwenda kwa daktari. Na damu? Baba kanieleza damu kwenye simu anacheka!"

"Hebu msikie," Pilnam alisema. "Nimepeleka mtoto chuo ili arudi aite baraka ugonjwa."

Sugyeong alimgeukia Jeomrye. "Mama mkubwa, sema wewe. Wewe anakusikiliza."

Na Jeomrye alisema alichokiamini. "Mwanangu, huko dukani kwenu kila kitu kina dawa yake kwenye rafu. Hili halina. Hili ndilo mama yako alilolingoja tangu wewe hujawa hata wazo. Babu yako angekuwa hai angecheza."

Walibishana mpaka tikiti likaisha. Mwishowe Pilnam alikubali nusu: atapanda kwanza kilele cha Nogodan, kwa Bibi, mzimu mlinzi wa mlima, amshukuru na kumwimbia, na akishashuka, basi, wampeleke wanakotaka, hata kwa fundi baiskeli. Sugyeong alikubali kwa kuwa hakuwa na njia nyingine.

Walipanda wanawake watatu kutoka hekalu la Hwaeom, wakifuata kijito. Jongsik, ambaye magoti yake yalikuwa yameshastaafu, alizunguka kwa gari na kapu la chakula ili awangoje juu. "Nitamsalimia Bibi kabla yenu," alisema. "Nitamwambia wazee wanakuja kwa miguu."

Jeomrye alibeba ngoma mgongoni, kama alivyowabeba watoto. Njia ile aliijua kwa nyayo. Mwanzo ni mianzi na kivuli, halafu mawe, halafu ule mwinuko unaoitwa Pua Chini, kwa sababu anayeupanda pua yake inakaribia kugusa jiwe la mbele. Miaka mingine Pilnam aliupanda Pua Chini akiimba, akiwaudhi vijana waliokuwa wakihema. Mwaka ule alipanda hatua chache akasimama, akapanda nyingine akasimama. Alisema anatazama maua.

"Maua gani?" Sugyeong aliuliza. "Hapa pana mawe tu."

"Natazama yatakapochanua."

Walicheka. Lakini Jeomrye alikuwa nyuma yake, na mpiga ngoma kazi yake ni kusikiliza pumzi; ndiyo inayomwambia fimbo ishuke lini. Alikuwa ameisikiliza pumzi ya Pilnam tangu wakiwa wasichana. Sasa aliisikia ikiingia na sauti nyembamba, mluzi, kama upepo kwenye ufa wa mlango wa banda. Mkwaruzo wa waimbaji hutoka pamoja na pumzi. Huu ulikuwa ukiingia. Jeomrye alijiambia ni mwinuko. Alijiambia ni umri. Aliendelea kupanda, ngoma inamgonga mgongoni, na kila Pilnam aliposimama naye alisimama, akisikiliza bila kutaka.

Walipumzika kwenye jiwe wakala wali uliovingirishwa kwenye mwani. Pilnam alikuwa mtu wa kula. Nyumbani kwake alimaliza sahani yake na kuiangalia ya mumewe. Aliweka kipande mdomoni, akatafuna, akatafuna, akazungumza kuhusu wingu, akatafuna. Sugyeong alipoinama kufunga kamba za viatu, Pilnam alikitema kiganjani na kukidondosha nyuma ya jiwe. Alipoinua macho alikutana na macho ya dada yake.

"Chumvi imezidi," alisema.

"Nimepika mimi," Jeomrye alisema. "Chumvi haikuzidi."

Jeomrye alibeba ngoma, wakapanda mpaka juu.

Nogodan kulikuwa na mayungiyungi ya manjano yamejaa nyasini, na mawingu yalikuwa chini ya miguu yamelala mabondeni kama pamba. Watu wa mjini wamevaa rangi zote walikuwa wakipigana picha. Jongsik alikuwa ameshatandika mkeka, ameshafahamiana na nusu yao na kuwaambia kwamba mkewe anakuja, kwamba sauti yake imekomaa kiangazi hiki, wasiondoke. Wakakusanyika. Jeomrye aliweka ngoma, akaketi, akakunja guu. Pilnam alisimama mbele yake, akasujudu kuelekea rundo la mawe lililo madhabahu ya Bibi, kisha akafungua upepeo.

Aliimba kile kile cha kilio. Sauti ilikuwa kubwa kuliko ya bondeni, imechanika zaidi. Mzee mmoja mwenye fimbo ya kupandia alisahau kufunga mdomo. Msichana aliyekuwa akijipiga picha alishusha simu. Kilipofika pale panapopanda, pale ambapo Jeomrye huwa ana "Ewaa!" yake tayari kama mate mdomoni, fimbo yake ilishuka mahali pake, sawasawa, na mdomo wake ukabaki umefungwa.

Wengine waliitikia. Jongsik alipiga kelele, yule mzee akasema ewaa. Pilnam hakuwasikia. Sikio lake lilikuwa kwa mtu mmoja tu. Aliishika sauti akaipitisha mara ya pili, kwa nguvu zaidi, akimtazama dada yake usoni, na kabla ya kuipandisha alivuta pumzi, na mluzi ule uliingia mbele ya watu wote. Jeomrye alijua kabisa kwamba akitamka lile neno mara moja tu, Pilnam ataimba mpaka apasuke, na kesho atataka tena, na keshokutwa, na hakuna daktari atakayemwona. Akakaza meno. Fimbo ikashuka peke yake.

Pilnam aliacha katikati ya neno.

"Dada?"

Jeomrye aliweka fimbo chini.

"Nimekosea wapi?"

"Hujakosea. Sijawahi kusikia kitu kama hicho maishani mwangu."

"Basi mbona umeninyamazia? Mbele ya watu?"

"Pumzi yako inaingia kama mlango wa banda, Pilnam. Na ule wali uko nyuma ya jiwe."

Pilnam alikunja upepeo polepole. "Nimeipata," alisema. "Nimeipata nikiwa bibi wa watu, na wewe unanifungia mlango."

"Nakufungia."

"Baba hangefanya hivyo."

"Baba amekufa," Jeomrye alisema. "Ningependa wewe usife."

Watu walianza kuondoka mmoja mmoja, wakijifanya wanatazama mawingu. Sugyeong alikuwa amefunika uso kwa kofia. Jongsik alisimama na tikiti alilolitoa kapuni, akaangalia huku na huku. "Sasa hili nilikate au nisilikate?" aliuliza. Alilirudisha kapuni, na kwenye gari lilikuwa likibiringika chini ya viti kila kona, njia nzima.

Hospitali kubwa ya Gwangju iliwaweka siku nyingi kwa vipimo. Daktari alikuwa kijana mpole. Aliwachorea koo kwa kalamu, akaweka alama palipokuwa na uvimbe. Alisema haitoshi kukata kipande. Lazima sanduku zima la sauti litolewe, na mama atapumulia tundu dogo hapa, shingoni.

"Nikiliacha," Pilnam aliuliza, "ni mpaka lini?"

Daktari alisema kwa uangalifu kwamba labda ataufikia mwaka mpya, labda na majira ya kupanda.

"Sikuuliza nitaishi mpaka lini. Nimeuliza nitaimba mpaka lini."

Kijana wa watu alitazama mchoro wake.

Waliketi kwenye benchi la ukumbini, ndugu wawili, karibu na mashine ya kahawa. Pilnam hakuwa amesema na dada yake neno la maana tangu Nogodan.

"Ingekuwa wewe, ungekubali?"

"Mimi sina cha kukatwa," Jeomrye alisema. "Nikikatwa watu watashangilia."

Pilnam alicheka, na kile kicheko chenyewe kilikuwa na ule mchanga.

"Ungeniitikia mara moja tu, dada. Ningemaliza kile kipande. Ningeshuka mwenyewe."

"Usingeshuka."

"Nisingeshuka," Pilnam alikiri. Kisha akasema, "Kwa hiyo haikuwa imekomaa. Ulikuwa ni ugonjwa unaimba."

Jeomrye alitafuta la kumwambia. Alitaka kusema hapana, ilikuwa yako, umeilipia kwa miaka yako yote. Lakini alikuwa ameshalia na kupiga makelele mbele ya taulo lenye damu, na hakujua tena ni kipi alichokuwa akikishangilia siku ile. Alimshika mkono tu. Pilnam hakuutoa, wala hakuufumba.

Siku moja kabla ya upasuaji Sugyeong alikuja na simu, macho yamevimba. "Mama, imba kidogo, nikurekodi. Hata kipande kifupi."

"Uiweke sauti ya uvimbe? Hiyo si yangu, mwanangu. Yangu ni ile ya tikiti. Kama mnayo, iwekeni hiyo."

Mchana ule wote aliutumia kusema. Alimwambia Jongsik asifunike mitungi ya soya jua likiwaka, na asiiache wazi mvua ikinyesha, na asiseme hakuambiwa. Alimwambia Sugyeong anampikia mumewe chakula kibaya. Alimwambia Jeomrye kwamba tambi zake siku hizi zinaiva mno, watu wanaogopa kumwambia, na kwamba ile fulana ya zambarau inamzeesha. Alipiga simu kwa wajukuu mmoja mmoja na kuwagombeza kwa majina. Alisema mpaka muuguzi akamwomba apumzike, naye akamuuliza muuguzi ameolewa au bado. Asubuhi walimsukuma kwenye kitanda cha magurudumu, na maneno ya mwisho Jeomrye aliyoyasikia yakitoka kwenye koo la mdogo wake yalikuwa, "Na usisahau, ile mitungi mitatu ya nyuma bado haijakolea."

Pilnam alipona. Hilo lazima lisemwe. Alirudi nyumbani na kitambaa shingoni, akawa anaandika kwenye kibao cha watoto, akichoka anatupa kibao na kuonyesha kwa mikono. Jeomrye alikwenda kila Jumapili, jiko la tambi likiwa limefungwa. Walikula pamoja, walitazama televisheni pamoja. Pilnam hakumkasirikia waziwazi. Ila kuna siku Jeomrye aliingia akamkuta amekaa barazani anatazama mlima, akamwita, na Pilnam hakugeuka, ingawa masikio yake hayakuwa na ugonjwa wowote.

Ulipofika wakati wa kutia chumvi kabichi za majira ya baridi, familia yote ilikusanyika uani. Kabichi zilirundikwa kama ukuta, mikono ya wanawake ilikuwa myekundu kwa pilipili. Wajukuu walikuwa wakizungumza, halafu mmoja akauliza kama kuna mahali popote sauti ya bibi imewekwa. Sugyeong alisema ametafuta. Simu yake ilikuwa na picha za vyakula, za maua, za paka wa jirani, na hakuna hata moja yenye mama yake akiimba. Jeomrye hakuwa nayo. Binamu hawakuwa nayo. Miaka yote ile bondeni, kiangazi hata kiangazi, hakuna aliyefikiri kuiweka, kwa sababu ilikuwa tamu tu, na wote walikuwa wakingojea nyingine.

"Subirini," Jongsik alisema. Alifuta mikono, akatoa simu yake, akaanza kupekua kwa kidole kimoja. "Kuna ile ya boga."

Ilikuwa picha ya video ya mwaka juzi, aliyoipiga ili awatambie wenzake wa ushirika. Boga kubwa sana limekaa juu ya ulingo, na sauti ya Jongsik inalieleza uzito wake, mbolea yake, na jinsi alivyolifunika kwa majani. Na huko nyuma, mahali pasipoonekana, mtu alikuwa akiosha vyombo na kuimba peke yake, kwa sauti nyororo, safi, inayopanda bila kukwama popote. Ilidumu pumzi mbili. Halafu sauti ya Jongsik ikasema, "Mama Sugyeong, nyamaza kidogo, narekodi," na ikabaki sauti ya maji kwenye beseni.

Jongsik alishusha simu. Alisema, "Sikujua," akalirudia neno lile lile, na hakuna aliyemtazama.

Pilnam alitoa mikono kwenye pilipili, akaifuta kwenye aproni taratibu, kidole kwa kidole. Alinyoosha mkono, akaichukua simu kwa mumewe, akaisogeza sikioni, akaonyesha kwa kidole: tena. Sugyeong akaigusa pale panapoguswa. Boga, uzito, mbolea. Pilnam alisikiliza ameinamisha kichwa, kama anavyosikilizwa mgeni. Ilipofika pale pa kunyamazishwa alionyesha tena.

Jeomrye alichukua ndoo ya maji ya chumvi, ingawa ilikuwa bado haijajaa, akaenda kuimwaga mferejini. Alisimama huko, upande wa pili wa ukuta, na kutoka pale aliweza kumsikia Jongsik wa kwenye simu akilianza boga lake upya.